Alama za Mkaa Ukutani: Nilivyotembea Nikiwa Kwenye Dripu

Ukutani kwangu, pembeni ya mlango wa chumba cha kulala, kuna mistari ya mkaa. Wa chini kabisa uko usawa wa kifua changu, wa juu kabisa nikiufikia nasimama kwa vidole vya miguu. Mume wangu alipopaka rangi nyumba aliniuliza hapo afanyeje. Nikamwambia aparuke.

Nilianza kuichora siku chache baada ya kuondolewa titi la kushoto kwa sababu ya saratani. Walitoa pia tezi za kwapani, na mkono ulikakamaa hata nikashindwa kujifunga kilemba. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanionyesha la kufanya: simama ukiuelekea ukuta, weka vidole, vipandishe taratibu kama mjusi anavyopanda. Ukisikia inavuta, tulia hapo, vuta pumzi, shusha. Ikianza kuuma umepitiliza. Kisha akaniambia kwa nini. "Mama, ukifika kwenye mionzi utalala chali, mkono umeinuliwa juu ya kichwa, na hutakiwi kutikisika. Mkono usipofika pale, mionzi itausubiri."

Maneno yale ndiyo yaliyonifanya nisiache. Kwa hiyo wewe unayeanza tiba, ukipewa zoezi uliza ni la kazi gani. Zoezi lenye kazi mtu halisahau.

Baada ya kidonda kupona nikaingia kwenye tibakemia, yaani dawa za saratani za kupitishwa kwenye mshipa: dripu 8, moja kila baada ya siku 21. Nne za mwanzo zilikuwa na ile dawa nyekundu. Nawaambia mapema, mkojo nao unakuwa mwekundu siku moja au mbili. Ni rangi ya dawa. Ukiendelea zaidi ya hapo, waambie hospitali.

Uchovu wa dripu hauna ndugu. Uchovu wa shamba ukilala unakwisha, huu unaamka nao. Wifi yangu alikuja kutoka Korogwe kuniuguza, na kwa mapenzi yake akaninyang'anya kila kazi. "Wifi, kaa. Hata kijiko nitakuletea." Majirani nao, kila anayeingia: pumzika, usijichoshe, ukijichosha ugonjwa unaamka. Nikatii. Kufikia dripu ya tatu nilikuwa kitandani karibu mchana kutwa, na ngazi tatu za barazani zilinifanya niheme kama niliyekimbia. Muuguzi mmoja aliponiuliza kwa siku nasimama mara ngapi, sikuwa na jibu.

Akanieleza kitu ambacho natamani kila anayeuguza mgonjwa wa saratani akisikie. Misuli isiyotumika inasinyaa haraka, na ikisinyaa, hata kwenda chooni kunakuwa safari. Siku hizi wataalamu hawamwambii mgonjwa alale tu. Miongozo ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2019 inashauri kufikia kutembea, au zoezi jingine la mwili mzima, kwa dakika 30 mara 3 kwa wiki, na mazoezi ya nguvu mara 2, kwa anayeweza. Nilipoambiwa dakika 30 nilicheka kwa uchungu, maana nilikuwa siwezi hata 3. "Basi anza na 3," akasema.

Nilianza na mwembe wa jirani. Kutoka mlangoni kwangu ni hatua 60. Saa 12 na nusu asubuhi, kabla joto la Dar halijaanza kuuma, wifi akiwa nyuma yangu na kiti cha plastiki mkononi. Nikifika chini ya mwembe nakaa, tunarudi. Wiki iliyofuata tukafika kwa muuza mkaa. Kiti wifi alikiacha nyumbani katikati ya dripu ya nne na ya tano, na siku hiyo alilia yeye, si mimi.

Siku hazifanani, na hili lilinichukua muda kulielewa. Siku nne za mwanzo baada ya dripu nilikuwa sijiwezi. Basi nilifanya ya chumbani: kukaa kwenye kiti na kusimama bila kushika kitu, mara 5, baadaye mara 10. Kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi chembe nyeupe za damu zinakuwa chini kabisa, na maambukizi madogo yanaweza kuwa makubwa. Siku hizo nilitembea uani na njia isiyo na watu. Daladala, soko na misiba vilinisubiri. Msiba ndio ulikuwa mgumu kuliko vyote, kwa jinsi tulivyolelewa. Nilimpigia shangazi simu nikamweleza ukweli, akanielewa. Wiki ya tatu ndiyo yangu: nilitembea kwa mbali, nilipika, nilifua nguo nyepesi.

Dripu za pili, zile nne za mwisho, ziliniletea ganzi nyayoni. Nikaacha malapa, nikavaa raba zilizofungwa vizuri, na jioni wifi alinikagua nyayo kwa tochi, maana unaweza kukanyaga msumari usijue.

Juu ya mkono nitasema zaidi, kwa sababu wanawake wengi wanatishwa. Ukishatolewa tezi za kwapani unaambiwa usinyanyue kitu maisha yako yote, mkono utavimba. Wiki za mwanzo ni kweli, kidonda kinahitaji kulindwa. Baada ya hapo mambo ni tofauti. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ambapo wanawake ambao mikono yao ilikuwa tayari imevimba walinyanyua vyuma, wakianza na vyepesi na kuongeza kidogo kidogo chini ya uangalizi, na uvimbe wao haukuzidi kwa sababu hiyo. Mimi vyuma sina. Nilitumia chupa mbili za maji za nusu lita, baadaye za lita moja na nusu, kwa ruhusa ya mtaalamu wangu. Leo nanyanyua ndoo ndogo ya maji kwa mkono ule ule.

Sasa yanayonifanya nisitembee, na wewe usitembee. Joto la mwili likifika 38 wakati uko kwenye dripu, hiyo ni hospitali mara moja, hata kama ni saa 8 usiku. Nunua kipimajoto, ni cha lazima kuliko raba. Kizunguzungu, kifua kubana, mapigo ya moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, mguu mmoja kuvimba na kuuma, fizi kutoka damu: acha kutembea, piga simu. Na kama saratani imefika kwenye mifupa, usiguse zoezi lolote kabla daktari hajakuambia lipi, kwa sababu mfupa unaweza kuvunjika. Majani ya mstafeli na mizizi utakayoletewa, na utaletewa, mwonyeshe daktari kabla hujanywa.

Kuhusu matumaini nina la kusema, na nalisema taratibu. Dua za watu nilizihitaji na bado nazihitaji. Lakini kila nilipoambiwa "utapona tu, usiwe na wasiwasi" nilibaki na swali la saa 9 alasiri, nyumba imenyamaza: leo nifanye nini? Daftari la shule ndilo lililonijibu. Niliandika tarehe, siku ya ngapi baada ya dripu, na nimefika wapi. Mwembe. Muuza mkaa. Kona. Dripu ya sita iliahirishwa kwa sababu damu ilikuwa chini, na wiki nzima niliandika 0. Nilizichukia zile sifuri. Nilipofungua kurasa za nyuma nikaona sifuri zilikuwepo baada ya dripu ya tatu pia, na baada yake kulikuwa na mwembe.

Pembeni ya kiti changu cha dripu alikuwepo dada mmoja aliyetembea kuliko mimi na kuchangamka kuliko mimi. Amefariki. Namtaja kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema fulani alikufa kwa sababu alikata tamaa. Hakukata tamaa. Ugonjwa ulikuwa mkubwa. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watu 889 waliomaliza tibakemia ya saratani ya utumbo mpana: baada ya miaka 8, walio hai katika kundi lililosimamiwa kufanya mazoezi walikuwa karibu 90 kwa kila 100, na katika kundi lililopewa maelezo tu ya afya, 83. Nilifurahi sana kuyasoma. Ila ni saratani moja, na ni baada ya dripu, na hao 90 nao hawakuwa 100. Tembea kwa sababu leo yako itakuwa nafuu. Usimbebeshe mgonjwa deni la kupona kwa jitihada zake.

Mionzi niliipata hospitali ya saratani ya Ocean Road, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa. Siku ya kupangiwa mashine niliambiwa niinue mkono. Ukapanda, ukapita sikio, ukalala pale walipopataka. Kila nikitoka nilivuka barabara nikatembea kando ya bahari chini ya miti, kanga imelegezwa begani ngozi isikwaruzwe, nikiangalia meli zinazosubiri kuingia bandarini.

Mtaani kwetu kuna mama ameanza dripu mwezi huu. Kesho ni siku yake ya tano. Nitampitia saa 12 na nusu na kiti cha plastiki, twende hadi kwenye mwembe.