Usiiogope ile tyubu: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako uliingia saa nane usiku. Kwa saa hiyo tu nilijua, kabla hata sijaufungua, kwamba mtoto hajalala na wewe hujalala.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama ile krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza pumu ya ngozi, aliyoandikiwa mtoto na daktari itamharibu ngozi, kwa sababu uliipaka siku tatu, ngozi ikalainika, ukaiacha, na sasa mabaka yamerudi vilevile. La pili umelichomeka mwishoni kama kitu kidogo: "Au ni mimi nilikosea kitu, Baba?"

Nianze na hilo la pili, maana najua ndilo linalokukosesha usingizi kuliko mikwaruzo ya mtoto. Hukukosea. Kama ni kitu, ni cha ukoo, na wewe ulikirithi kwangu. Mimi nina pumu ya kifua, wewe ulikuwa na pumu ya ngozi, huyu naye amefuata njia ileile. Ukurutu, kama wanavyouita vitabuni, hupenda kutembea pamoja na pumu na mafua ya aleji ndani ya familia moja. Ngozi ya watoto hawa ni kama ukuta uliopigwa lipu nyepesi: unyevu wa ndani unatoka upesi, na sabuni, jasho, vumbi na vijidudu vinapenya kirahisi. Wengine wana hitilafu kwenye jeni inayotengeneza filagrini, protini inayolishikiza tabaka la juu la ngozi. Na ukurutu hauambukizi. Anayemwondoa mwanawe asicheze na mjukuu wangu, mweleze hilo kwa upole mara moja tu. Mara ya pili mwache.

Sasa ile tyubu. Hapa nina la kukiri.

Ulipokuwa na umri wa mtoto wako, daktari alikuandikia krimu ya haidrokotisoni, nayo ni steroidi. Mimi nilikuwa nimeshasikia kwa watu kwamba steroidi "inakula ngozi". Basi nikawa naipaka kwa kuidokoa, kitone hapa, kitone pale, kama mtu anayejitia manukato ya kuazima. Siku mbili, tatu, mkono ukipata nafuu naificha tyubu juu ya kabati. Baada ya wiki uko palepale, unakuna nyuma ya magoti mpaka damu. Tulikwenda hivyo karibu miaka mitatu, mama yako na mimi tukipokezana zamu ya kukushika mikono usiku. Alama ulizonazo kwenye mikunjo ya viwiko si za krimu. Ni za kucha zako, miaka ile ambayo mimi nilikuwa naogopa.

Aliyetutoa huko ni muuguzi mmoja mtu mzima. Alinisikiliza nikilalamika kwamba dawa haifanyi kazi, kisha akauliza, "Hii tyubu mlipewa lini?" Nikasema, miezi minane iliyopita. Akaichukua, akaibonyeza. Ilikuwa bado imejaa nusu. Akanirudishia na kusema, "Basi mtoto huyu hajatibiwa bado."

Alichonifundisha siku ile ndicho ninachokupa. Kamua krimu kwenye ncha ya kidole chako cha shahada, kuanzia ncheni mpaka kwenye mkunjo wa kwanza. Hicho ndicho kipimo, takriban nusu gramu, na kinatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Mkono mzima wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, kuanzia begani hadi vidoleni, ukiwa wote umewaka, unahitaji kipimo kimoja na nusu. Mguu mzima, viwili. Utaona ni nyingi kuliko ulivyokuwa unapaka. Paka mara moja au mbili kwa siku, kama alivyoandika daktari, pale palipowaka tu, na usiache siku ngozi inapoonekana nzuri. Pitisha kidole ukiwa umefumba macho: kama bado kuna mkwaruzo chini yake, moto haujazimika. Pakishakuwa laini kabisa, ongeza siku mbili, ndipo uache. Ikipita wiki moja au mbili bila nafuu, mrudishe kwa daktari, usijiongezee nguvu ya dawa mwenyewe.

Je, steroidi haina madhara kabisa? Inayo, nisikudanganye. Zipo za nguvu tofauti. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni ya upole. Betamethasoni ina nguvu zaidi, na klobetasoli ni kali mno. Kali ikipakwa kwa muda mrefu, hasa usoni, kwenye kope au ndani ya nepi, hufanya ngozi kuwa nyembamba. Ndiyo maana dawa ya kiwiko haihamishiwi usoni bila kuuliza. Lakini ile aliyoandikiwa mjukuu wangu, kwa jinsi ulivyonisomea, ni ya upole, na kuipaka siku kadhaa kisha kupumzika si hatari unayoiwaza.

Ya kuogopwa ni ile isiyo na jina. Jirani mmoja aliwahi kutuletea krimu kwenye kikopo kisicho na maandishi, "ya mitishamba tu". Siku mbili ngozi yako ikang'aa kama ya malaika. Tulipoiacha, ukawaka mwili mzima. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba krimu za namna hiyo, na nyingi za kung'arisha ngozi, hufichwa ndani yake steroidi kali. Kikiponya haraka kupita kiasi na hakina orodha ya vilivyomo, kisiguse mwili wa mtoto.

Tena uangalie rangi. Kwenye ngozi yetu nyeusi usisubiri wekundu, hauonekani vizuri. Pumu ya ngozi huja na kijivujivu, au weusi uliokolea wenye kuelekea zambarau, au vipele vidogo vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ikishapoa, mara nyingi huacha baka jeupejeupe au jeusi zaidi. Watu wataliona na kusema, "Unaona? Krimu imemchubua." Mara nyingi ni alama ya uvimbe wenyewe, na hufifia kwa miezi.

Krimu hiyo, hata hivyo, ni ya kuzimia moto. Kazi ya kila siku ni mafuta, na hapa kila mzazi hupunja, mimi nikiwa wa kwanza. Mtoto mwenye ngozi kavu mwili mzima anaweza kumaliza gramu 250 za mafuta kwa wiki. Ndiyo, kwa wiki. Kikopo kidogo kikikaa kwako miezi mitatu, ujue unamnusisha. Paka angalau mara mbili kwa siku, ngozi ikiwa mbaya na ikiwa nzuri. Teremsha mkono kufuata nywele za mwili zilivyolala, usisugue kwa kuzungusha, vinyweleo vitaziba na kutoa vipele. Chota kwa kijiko safi badala ya kuchovya vidole. Kati ya mafuta na krimu ya steroidi acha kama nusu saa hivi, ili kimoja kisikifute kingine.

Uliuliza mafuta gani. Yasiwe na manukato, hilo ndilo sharti. Ama ya mgando, ama krimu, ama losheni, utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022 uliwafuatilia watoto 550 na haukuona aina moja ikiishinda nyingine. Kwa hiyo chukua ambayo mtoto hakimbii ukimpaka. Mafuta ya zeituni usitumie, pamoja na sifa zake zote. Yanadhoofisha lile tabaka la juu. Jambo moja watu hawalisemi: nguo na mashuka yaliyonywa mafuta haya hushika moto upesi, na kuyafua hakuondoi yote. Mtoto asikae karibu na mshumaa wala jiko.

Kuoga, maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi. Acha sabuni ya mapovu, tumia yale mafuta yasiyo na manukato badala yake. Zile dawa za kumimina kwenye beseni usizinunue: utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia watoto 482 kwa mwaka mzima, na waliotiwa dawa majini hawakuwa na nafuu ya maana kuliko waliooga maji matupu huku wakipakwa mafuta kama kawaida. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo, kisha mafuta hapohapo angali na unyevu. Usiseme ngoja kwanza nitafute nguo.

Kuhusu chakula, najua wakubwa wote wa familia wameshakupa orodha. Usimkatishe maziwa wala mayai kwa kubahatisha. Watoto wachache kweli ngozi yao huchochewa na chakula, lakini anayenyimwa ovyo hudumaa, na anaweza hata kuja kupata aleji ya kile alichonyimwa. Mwaka 2015 watafiti wa London walitoa matokeo ya watoto 640 waliokuwa na pumu kali ya ngozi au aleji ya mayai: waliolishwa karanga tangu uchanga walipata aleji ya karanga wachache sana kuliko walioepushwa nazo. Ila ukiona midomo inavimba, au anatokwa na mabaka na kutapika muda mfupi baada ya kula kitu, mwambie daktari. Akihema kwa shida, ni dharura.

Usiku ndiyo vita. Kata kucha fupi, uzipige tupa kidogo. Mvalishe pamba, sufu hapana, na usimfunike mablanketi mengi, joto huamsha muwasho. Usimwambie "acha kujikuna". Nilikuambia maneno hayo mara elfu, na wewe ukawa unajikuna kwa kujificha. Mpe kitu cha kushika, mpake mafuta tena, mwekee kitambaa kilicholoweshwa maji baridi pale panapowasha. Zile dawa za maji za aleji zinazoleta usingizi usimpe kwa uamuzi wako; muwasho huu haziuwezi sana.

Siku nyingine huhitaji barua yangu, unahitaji hospitali. Ngozi ikitoa maji, ikiganda utando wa manjano, ikavimba na kuuma, kuna bakteria, na huenda akahitaji antibayotiki. Na ukiona malengelenge madogo yaliyojikusanya, yanauma, yakipasuka yanaacha vishimo vya duara, na mtoto ana homa, usingoje asubuhi, hasa yakiwa karibu na macho. Hivyo vinaweza kuwa virusi vya hepesi, vilevile vya vidonda vya homa mdomoni, vimeingia kwenye ngozi. Kwa sababu hiyohiyo, mtu mwenye vidonda vya homa mdomoni asimbusu, hata kama ni mimi babu yake.

Watoto wengi hupungukiwa na shida hii kadiri wanavyokua. Wewe ilikuachia ukiwa na miaka tisa hivi, ingawa mikono yako bado haipatani na sabuni ya kufulia.

Ijumaa nitafika, nitashika zamu ya usiku siku mbili ili ulale. Leo jioni, ukishampaka, ibonyeze ile tyubu uniambie imebaki kiasi gani.

Baba yako