Boneti ya kaboni faiba haishiki kutu, ila jua la huku juu inalijua

Mkuu uliyeuliza kuhusu boneti ya Subaru Impreza, nimesoma swali lako jana usiku nikasema nitajibu nikitulia. Umeandika uko Iringa, umepata boneti ya kaboni iliyotumika, na muuzaji anakuapia kwamba "hiyo ni ya maisha, haishiki kutu, haidai matunzo". Nusu ya maneno yake ni kweli. Nusu iliyobaki ndiyo iliyonila hela, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Mimi nina Toyota Altezza. Boneti ya kaboni niliifunga mwaka 2018, ikaharibika, nikaitengeneza, nikairudisha, na mpaka leo ipo. Naishi Mbeya, na kazini kwangu Mwanjelwa hakuna kivuli hata cha kumfaa kuku. Gari linapigwa jua kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni.

Nyuzi za kaboni zenyewe hazina neno. Lakini boneti si nyuzi tupu. Ni kitambaa cha nyuzi kilicholoweshwa resini, mara nyingi epoksi, ikakauka ikawa ngumu, halafu juu ikapulizwa kiliya, ile vanishi angavu inayopulizwa pia juu ya rangi ya kawaida. Epoksi na jua ni paka na panya. Ile miale isiyoonekana kwa macho huivunjavunja pole pole, inageuka njano, baadaye inatoa unga kama chaki. Kiliya nzuri ina dawa ya kuizuia miale hiyo, ila nayo huchoka. Watu wa huku tunadanganywa na baridi: tunavaa sweta, tunaona jua ni la mchezo. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10. Jamaa wa Dar anatoka jasho kutuzidi, lakini boneti yangu inachomwa kuliko yake.

Mwaka wa kwanza iling'aa, watoto wanajitazama. Mwaka wa pili ukungu mweupe ukaanza upande wa kioo, kule joto la injini linakokusanyika. Wa tatu ikawa na rangi ya kidole cha mvuta sigara. Kosa lilikuwa langu: niliamini haidai kitu. Naosha kwa sabuni ya unga, vijana wa kuosha magari wanafuta vumbi kikavu kwa kitambaa kile kile kilichofuta rimu, na waksi sikuwahi kupaka hata siku moja. Kuna mmoja aliandika "NIOSHE" kwa kidole kwenye vumbi, na mpaka naitengeneza lile neno lilikuwa linasomeka ndani ya kiliya.

Kuitengeneza kunawezekana kama ugonjwa haujaingia ndani. Fundi wangu, mzee mmoja wa rangi pale Soweto ya hapa hapa Mbeya, aliitazama akaniambia, "Kijana wangu, hapa tunachuna ngozi, nyama hatugusi." Alisugua kwa maji, msasa namba 800 kisha 1000, hadi ile njano yote ikatoka. Kila ukiona maji ya msasa yanatoka meusi, simama, umefika kwenye nyuzi. Na ukisugua kikavu vaa barakoa na mikono mirefu, maana vumbi lake linawasha kama upupu na si la kuvuta mapafuni. Baada ya hapo ikaondolewa mafuta, ikapulizwa kiliya ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), ikapigwa mara tatu.

Hapa tulikosea mara moja. Ilikuwa Julai, na kwa haraka zangu nikamlazimisha apulize asubuhi. Baridi ya Mbeya mnaijua, na ukungu ulikuwa haujaondoka. Kiliya ikafubaa, ikawa kama kioo kilichopumuliwa. Ikabidi isuguliwe tena na kupulizwa saa sita mchana, ndani, mlango umefungwa, bati lina joto. Vifaa na ufundi vilinigharimu kama laki tatu, na theluthi ya hiyo ni ya ile asubuhi ya haraka zangu.

Tangu hapo natumia shampuu ya gari, maji mengi kwanza ili vumbi liondoke kabla kitambaa hakijagusa, na waksi yenye kinga ya jua kila baada ya miezi miwili. Ukiwa na hela, kuna ile plastiki angavu ya kubandika juu ya rangi, inasaidia pia kwa kokoto za malori pale Kitonga. Kinyesi cha ndege usikiache kilale. Kazini nafunika kwa turubai la kitambaa, wanicheke tu.

Kivuli nacho kina mambo yake. Mwaka juzi nilikwenda kwa mjomba Tukuyu, nikaegesha chini ya mparachichi, najisifu nimeepuka jua. Likadondoka moja, bichi, gumu kama jiwe. Boneti ya chuma ingebonyea, fundi angeigonga kwa chini yakaisha. Kaboni haibonyei: inapokea, inapokea, halafu inapasuka. Yangu ilipata ufa wa umbo la utando wa buibui, upana wa kiganja. Tulitia epoksi na kitambaa cha faiba kwa chini ili ufa usitembee, juu kiliya. Maji hayaingii, lakini jicho linauona, kwa sababu mfumo wa nyuzi ukishakatika huwezi kuushona ukafanana. Mjomba alinipa debe la maparachichi kama fidia.

Sasa hiyo unayotaka kununua. Kwanza chukua sumaku ujaribu boneti uliyo nayo. Baadhi ya Impreza WRX zilitoka kiwandani na boneti ya alumini, ambayo tayari ni nyepesi. Sumaku isiponata, utakuwa unalipia kilo chache sana na mapambo. Mapambo si dhambi, ila jua unacholipia.

Pili, igeuze utazame chini. Nyingi za bei nafuu ni tabaka moja la kaboni juu kwa ajili ya macho, chini yote ni faiba ya kioo, ile ile ya kutengenezea bampa. Si mbaya, lakini uzito wake haupungui sana na si ngumu kama unavyoambiwa. Igonge kwa sarafu sehemu mbalimbali: mlio ukibadilika ghafla ukawa mzito, kama unagonga boksi, matabaka yameachana. Mabaka meupe ndani ya mfumo wa nyuzi nayo ni dalili mbaya. Hayo msasa hauyafikii.

Tatu, na hili ndilo lililonitoa roho: pale kitasa kinaposhika. Yangu ile pete ya kitasa ilikuwa imefungwa kwenye faiba nyembamba bila bamba la chuma nyuma yake. Siku moja nashuka Mlima Nyoka, lori limenipita, naona boneti inanyanyuka kona moja na kurudi, inanyanyuka na kurudi, kama kifuniko cha sufuria ya ugali. Niliegesha miguu inatetemeka. Faiba ilikuwa imeanza kuchanika kuzunguka zile skrubu. Weka bamba, weka na pini mbili za boneti mbele, usisubiri. Na uzoee kufunga kwa kushusha taratibu na kukandamiza kwa mikono miwili karibu na kitasa. Usiiachie idondoke kama ya chuma.

Kwenye bawaba weka washa za plastiki na mafuta kidogo. Kaboni inapitisha umeme, na ikigusana na alumini au chuma kwenye unyevu, huo upande wa chuma ndio unaoliwa. Kwa mvua za Rungwe niliona boliti zimetoa unga wa kutu ndani ya masika moja, boneti yenyewe nzima.

Kama Impreza yako ni ya tabo, hakikisha lile tundu la juu linakaa sawasawa na intakula (kipoza hewa ya tabo) na mpira wa kuziba unagusa pande zote, la sivyo hewa inapita pembeni. Joto la tabo nalo linailainisha resini ya bei nafuu, kwa hiyo bandika karatasi ya kuzuia joto kwa chini.

Kuna mdau juu hapo amesema kuipaka rangi boneti ya kaboni ni ushamba. Skyline GT-R R34 V-Spec II ya mwaka 2000 ilitoka kwa Nissan na boneti ya kaboni, na wakaipaka rangi ya gari. Rangi inazuia jua kuliko kiliya yoyote. Usipokuwa mtu wa kupaka waksi kila baada ya miezi miwili, paka rangi, acha mfumo wa nyuzi uonekane ukifungua kwa chini. Mimi sikupaka kwa sababu ya kiburi tu.

Kabla hujatuma hela, mwambie akupige picha ya upande wa chini, karibu na kitasa na karibu na bawaba, uziweke hapa tuzitazame.