Shahada ya kemia na utafiti wa vimeng'enya

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu aliyehitimu shahada ya kwanza ya kemia bila kugusa biolojia anaweza kuwa mtafiti wa vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mmenyuko wa kikemia, au amekwisha kuchelewa. Hujachelewa. Frances Arnold, mmoja wa waliopata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2018, alianza na uhandisi wa mitambo na anga, akashughulika na nishati ya jua, ndipo akaingia uhandisi wa kemikali. Mwaka 1993 alionyesha namna ya kuboresha subtilisini, kimeng'enya kinachokata protini, ili ifanye kazi ndani ya kiyeyushi ambacho kwa kawaida huilemaza: jeni yake hubadilishwa kwa kubahatisha, hupandikizwa katika bakteria, kila kundi hupimwa, kisha lililo bora huanzishiwa duru nyingine. Uwezo wake humo uliongezeka mara 256.

Kwa hiyo, kabla ya kuomba nafasi ya uzamili, jifunze kazi za mikono, yaani kutumia pipeti (kifaa cha kunyonya na kupima vimiminika kidogo kidogo), kusafisha protini kwenye baridi na kupima kasi ya mmenyuko. Mimi ningetanguliza haya kabla ya programu za kompyuta, ingawa wapo watakaonipinga. Muulize pia msimamizi wako mtarajiwa nani hukagua madaftari ya maabara, na mara ngapi. Januari 2020 Arnold huyohuyo aliiondoa jaridani makala yake ya 2019 kwa kuwa matokeo hayakuweza kurudiwa na kumbukumbu za majaribio muhimu zilikosekana daftarini.