Nilisema "alijitakia", rafiki yangu akachukua mkoba akaondoka

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata. Tuko wanawake saba. Tulianza na mchezo wa kupeana hela, halafu mmoja wetu akasema badala ya kukaa tukisengenya watu, tusome kitabu kimoja kila mwezi. Sasa tuko kitabu cha kumi na moja. Tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nyumba kwa nyumba.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu yangu, tulisoma Rosa Mistika cha Kezilahabi. Nilikuwa nimefika nusu, kazi zilinibana. Katika maongezi nikasema huyu Rosa alijitakia mwenyewe, wasichana wangapi wamelelewa na baba wakali na hawakuwa malaya? Wenzangu wakacheka. Rafiki yangu niliyesoma naye tangu sekondari akanyamaza, kisha akachukua mkoba akasema anawahi daladala. Usiku ule akajitoa kwenye grupu letu la WhatsApp. Nikipiga simu hapokei. Hotpoti aliyoletea chapati bado iko kwangu.

Baadaye mwenzetu mwingine akaninong'oneza kuwa baba yake alikuwa mlevi, akiwapiga yeye na mama yake, na kwamba kuna mengine. Miaka yote hiyo sikujua. Shangazi, nilikuwa naongelea kitabu, sikumwongelea yeye. Nimwombe radhi kwa kosa gani? Na wenzangu wanasema tuachane na vitabu vizito, tusome vya kuchekesha, au turudi kwenye mchezo wetu wa hela tu.

Msomaji wa Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na pale ulipopapita upesi, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. "Nilikuwa nimefika nusu."

Kitabu hicho nakijua. Kilitoka mwaka 1971, kikapigwa marufuku mashuleni, na ndiyo maana sisi bwenini tulikuwa nacho. Nakala moja tu, jalada limefunikwa gazeti, kila msichana anapewa usiku mmoja na tochi. Usiku mmoja hautoshi kusoma kitabu. Tulikuwa tunarukia zile kurasa zilizokuwa zinasemwa, na asubuhi kwenye foleni ya uji tunatoa hukumu kama yako, neno kwa neno: alijitakia.

Miaka ikapita, kikakubalika, kikaingia madarasani. Binti yangu akaja nacho nyumbani kwenye begi la shule, mimi nikakiiba nikakisoma mchana kweupe bila gazeti. Kule mwanzo Rosa anapata barua ya mvulana, na Zakaria baba yake, ambaye pombe imeshamshinda, anampiga kwa ajili ya barua hiyo. Bwenini nilipaona hapo kama mlango tu wa kuingilia kwenye hadithi. Safari hii nikaweka kitabu chini nikaenda kukoroga mboga isiyohitaji kukorogwa. Msichana yule kuhusu wanaume alifundishwa kitu kimoja tu, kuogopa kipigo. Siku alipokwenda mbali na macho ya baba, akawa hana kingine cha kushikilia. Nani wa kulaumiwa, yeye au Zakaria, ndilo swali ambalo kitabu kizima kinalibeba hadi mwisho. Sikumalizii. Kamalize.

Sasa kosa lako. Unasema ulikuwa unaongelea kitabu. Soma tena barua yako. "Wasichana wangapi wamelelewa na baba wakali." Hapo ulishatoka Ukerewe kwa akina Rosa, umeingia sebuleni kwako, na sebuleni kwako walikaa wanawake ambao hujui kila mmoja kalala usiku wa namna gani akiwa na miaka tisa. Mmoja wao alikuwa ndiye huyo msichana unayemhesabu. Tena watu wakacheka. Mimi nadhani neno lako angelivumilia; kicheko ndicho kilichomwinua kitini.

Kwa hiyo radhi unadaiwa, na haijalishi kama ulikuwa unajua au hujui. Ukimkanyaga mtu gizani, mguu wake hauumi kidogo kwa sababu taa ilikuwa imezimwa.

Ila sikiliza vizuri hapa, maana hapa ndipo wengi huharibu. Omba radhi kwa neno ulilolisema. Habari za baba yake usiziguse kabisa. Yeye hakukupa habari hizo, umezipata kwa kunong'onezwa. Ukifika kwake na "pole shoga yangu, sikujua kama baba yako alikuwa hivyo", utakuwa umempa taarifa kwamba siri yake inazunguka, na papo hapo umemlazimisha ama akusimulie ama akatae, huku amesimama mlangoni na kanga ya kupikia. Hilo litakuwa kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza.

Sema maneno machache: "Siku ile niliongea ovyo kuhusu Rosa, na kitabu chenyewe sikuwa nimekimaliza. Naomba unisamehe." Halafu funga mdomo. Najua utatamani kuongeza. Utataka kueleza kwamba kazi zilikubana, kwamba hukukusudia, kwamba hata wenzako walicheka. Usiongeze, na usimuulize kwa nini aliondoka. Akitaka kukuambia atakuambia, pengine wiki ijayo, pengine mkiwa bibi vizee. Na siku akisimulia, ukaona bado jambo linamkosesha usingizi, usijifanye daktari. Mwambie hospitali kuna washauri nasaha, na kwamba utamsindikiza na kukaa kwenye benchi la nje.

Kwenye grupu usimrudishe. Watu wana tabia hiyo, mtu anajitoa asubuhi, jioni kashaingizwa tena na emoji za mioyo. Mwache.

Na huyo aliyekunong'oneza? Mwambie neno lile limeishia kwako na liishie kwake pia, na hayo "mengine" asikupe. Sina mengi juu yake, ila ningekuwa wewe ningepunguza kumweleza mambo ya nyumbani kwangu.

Nije kwa wenzako wanaotaka vitabu vya kuchekesha. Sipingi kucheka, maisha yenyewe yanachosha. Lakini hicho cha kuchekesha nacho kitakuwa na mke asiyezaa, au mume aliyefukuzwa kazi, au mama mkwe mchawi, na katika wanawake saba wa Dar es Salaam hamkosi ambaye moja ya hayo limemkuta. Mtakikimbia hicho nacho? Kezilahabi hakumkosea rafiki yako kitu. Huenda hata alikuwa amefurahi kukuta mtu ameandika habari za nyumba kama ya kwao, akaja na chapati zake akitegemea mazungumzo, ndipo akakutana na wewe.

Mimi katika kundi letu, ambalo sasa tumebaki wazee wanne na miwani, tunafanya hivi. Ukitaka kusema mhusika fulani ni mbaya au mjinga au malaya, unafungua ukurasa unatusomea kwa sauti hapo palipokufanya useme hivyo. Utashangaa maneno mangapi yanafia njiani kwa kukosa ukurasa. Ambaye hajamaliza anakaribishwa, anakula, anauliza maswali kadiri apendavyo, ila hukumu atangoja. Na anayependekeza kitabu anatutajia mapema kilichomo, kama kuna kipigo au msiba wa mtoto, ili mwenye jeraha aseme "mwezi huu sitakuja" na asihojiwe sababu. Mwenzetu mmoja aliruka miezi miwili mfululizo mwaka juzi. Mpaka leo hatujui kwa nini, na sambusa zake tulimpelekea nyumbani.

Mchezo wa hela mnaweza kuuendesha sambamba, haugombani na kitabu. Lakini kuurudia peke yake, si ndiko mlikokuwa mnasengenya? Umeandika mwenyewe.

Imebaki hotpoti. Usimpe bodaboda, wala usimtume mtoto. Kwanza maliza kitabu, kisha ipeleke mwenyewe, jioni ya siku ya kazi, na isiwe karibu na Jumamosi yenu asije akadhani kundi limekutuma. Akikukaribisha ndani, kaa kidogo, mwulize habari za watoto, ondoka kabla hajaanza kuangalia saa. Akikupokelea mlangoni, mpe, sema lile neno lako, geuka. Na unajua chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Weka visheti, au maandazi kama mkono wako ni wa maandazi. Kitabu usiweke.