Kuwa na VVU pekee hakutoshi kupata mafao ya ulemavu Marekani

Ndugu muulizaji, umeuliza kama mtu anayeishi na VVU nchini Marekani hupata mafao ya ulemavu kwa sababu tu ya majibu ya kipimo. Hapana. Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii huangalia kama maradhi yanamzuia kufanya kazi ya kumpatia riziki kwa muda usiopungua miezi 12 mfululizo, kwa hiyo aliyekubaliwa na dawa na anayekwenda kazini kila siku kwa kawaida hukataliwa. Vigezo vya kitabibu vya mwaka 2017 vinamkubali, kwa mfano, mtu ambaye CD4 zake (chembe za kinga za mwili zinazoshambuliwa na VVU) ni 50 au pungufu, au aliyelazwa kwa matatizo ya VVU mara 3 ndani ya miezi 12, kila mara kwa saa 48 au zaidi, kwa kupishana siku 30 au zaidi. Asiyefikia hapo bado ana njia, kwani uchovu, kuharisha au ganzi ya miguu, hata ikiletwa na dawa zenyewe, huzingatiwa pia. Ila sharti yawe yameandikwa kwenye faili la daktari, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, mtu hujiponza mwenyewe, maana akiulizwa hali kliniki hujibu "sijambo", na hilo ndilo linaloandikwa.