Kabla hujabishana kuhusu sayansi kwenye grupu, soma hapa

Wiki iliyopita ubishi uliisha kwenye grupu letu la wapenda hesabu na sayansi. Sisemi ulipoa kwa sababu bando zilikata au admini alifunga grupu mpaka asubuhi. Uliisha: waliokuwa upande wa pili waliandika kwamba wamekubali, na wakaeleza kilichowafanya wakubali. Mmoja wao ni mhadhiri ambaye aliwahi kunitolea maneno ambayo mpaka leo sijayasahau. Nimefurahi sana, na kwa kuwa najua wengi mnaopita hapa mna kiu ileile niliyo nayo, ya kuyajadili mambo makubwa hadharani bila kudharauliwa, nataka niwaeleze ilivyokuwa.

Mimi natunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga. Nilisoma PCM (fizikia, kemia na hesabu) mpaka kidato cha sita, mambo ya nyumbani yakanizuia kuendelea. Hesabu zenyewe sikuziacha. Jioni nikishafunga vitabu vya duka nafungua vyangu. Grupu letu ni la kila aina ya watu: walimu, mafundi umeme, wanachuo, daktari mmoja, na mzee mstaafu wa bandari ambaye huandika mara chache, ila akiandika wote tunanyamaza tusome.

Swali lililotugombanisha ni lile la milango mitatu. Nyuma ya mlango mmoja kuna gari, nyuma ya ile miwili kuna mbuzi. Unachagua mlango. Mwendesha mchezo, ambaye anajua gari liko wapi, anafungua mmoja kati ya ile uliyoiacha na kukuonyesha mbuzi. Kisha anakuuliza: ubaki na mlango wako au uhamie ule mwingine? Wengi hujibu kwamba imebaki milango miwili, kwa hiyo ni nusu kwa nusu, kuhama au kubaki ni sawa. Jibu la kweli ni kwamba ukihama unashinda mara mbili katika kila tatu. Mlango wa kwanza uliuchagua kwa kubahatisha, uwezekano wa kupatia ni theluthi moja. Kila ulipokosea mwanzoni, na hilo hutokea theluthi mbili za nyakati zote, mwendesha mchezo analazimika kukuachia gari kwenye mlango uliobaki.

Niliyaandika hayo mara ya kwanza swali lilipoletwa, miaka kadhaa iliyopita, tena kwa adabu. Yule mhadhiri akajibu kwa mstari mmoja: "Dada, wewe kahesabu saruji, huku tuachie tuliosoma." Chini yake zikaja nyuso za kucheka, moja baada ya nyingine, nyingine za watu ambao asubuhi yake walinipigia simu kuuliza bei ya mabati. Hakuna aliyeigusa hoja yangu. Nilikuwa sahihi, nilijua niko sahihi, na hilo ndilo lililoniuma kuliko matusi yenyewe. Nilizima simu. Kwa muda mrefu baada ya hapo nikawa nasoma tu kwenye grupu bila kuandika neno.

Kilichonirudisha ni historia ya swali lenyewe. Mwaka 1990 mwandishi wa Marekani, Marilyn vos Savant, alilijibu kwenye safu yake katika jarida la Parade, akasema ni bora kuhama. Alipokea barua zipatazo 10,000, nyingi za kumpinga, na karibu 1,000 kati ya hizo zilitoka kwa watu wenye shahada ya uzamivu. Baadhi ya barua hizo zilikuwa za dharau tupu. Na yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Hata Paul Erdős, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20, alikataa jibu hilo mpaka alipoonyeshwa kompyuta ikiucheza mchezo huo tena na tena. Niliposoma hayo nilihisi kifua kimefunguka. Hawa ni watu wenye digrii hadi ya mwisho, na digrii haikuwasaidia kitu mbele ya milango mitatu na mbuzi wawili.

Basi wiki iliyopita mwanachuo mmoja akalileta tena swali lilelile. Mara hii sikuandika jibu. Niliuliza kwanza: jamani, tunakubaliana kwamba mwendesha mchezo anajua gari lilipo, na kwamba kila mara lazima aonyeshe mbuzi? Utashangaa. Nusu ya ubishi ilikuwa hapo. Kuna waliokuwa wanafikiria mtu anayefungua mlango kwa kubahatisha, na kwa bahati tu mbuzi akatokea. Kwa mchezo wa namna hiyo jibu lao la nusu kwa nusu ni sahihi kabisa! Tulikuwa tunatukanana juu ya maswali mawili tofauti tukidhani ni moja.

Tulipokubaliana masharti nikauliza la pili: ni kitu gani kitakufanya ubadili msimamo wako? Kila mmoja aandike kabla hatujafanya lolote. Mhadhiri alikuwepo, akaandika kwamba anataka matokeo ya majaribio. Vizuri. Nikawaambia wachukue vikombe vitatu na punje ya harage, mmoja afiche, mwingine achague, na kila mara mchaguaji ahame. Nikawatahadharisha wasiishie mara chache: kwa raundi 30, anayeamini nusu anatarajia kushinda kama 15 na anayeamini theluthi mbili anatarajia kama 20, na tofauti hiyo bahati inaweza kuifunika. Wakifika 100 ni 50 dhidi ya 67 hivi, hapo mambo yanaanza kuonekana.

Jioni voisi zikaanza kuingia. Fundi umeme mmoja kacheza na watoto wake, daktari kacheza na manesi wakati wa mapumziko. Kila namba iliyotumwa ilikuwa karibu na theluthi mbili. Kwenye saa nne usiku mhadhiri akaandika: "Nimeandika programu, imecheza mara nyingi. Kuhama ni bora. Dada yuko sahihi." Hakusema lolote kuhusu saruji. Nilingoja aseme. Hakusema, na sitajifanya kwamba hilo halikunigusa.

Nikaweka habari hiyo kwenye hali yangu (status), na kesho yake mdogo wangu mmoja wa kidato cha tano akaniandikia. Anasema kwenye grupu lao aliuliza kama ni kweli maji ya moto yanaweza kuganda haraka kuliko ya baridi. Wakamcheka, wakamuuliza ana digrii ya nini, mwisho admini akamtoa. Ananiuliza afanye nini, aachane na mambo haya?

Mdogo wangu, wewe umeuliza swali la Mtanzania mwenzako. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba, huku huku kwetu juu Lushoto. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanaacha yapoe, ndipo wanaweka kwenye friza. Nafasi kwenye friza ilikuwa inaisha, Mpemba akaweka ya kwake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, hapa Tanga mjini, rafiki yake aliyekuwa anauza aiskrimu akamwambia kwamba wao huweka mchanganyiko ukiwa moto makusudi, ili ugande upesi. Wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa na habari! Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Darasa zima likaishika kauli hiyo. Akikosea kitu, wanamwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Lakini hakunyamaza. Dokta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokwenda shuleni kwao kuzungumza, kijana akasimama akauliza, mbele ya wenzake wanaocheka. Osborne hakumuuliza digrii. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza jaribio lifanyike, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja kwenye jarida la Physics Education. Leo vitabu vya fizikia duniani vinalitaja jina la Mpemba.

Naomba hapa muwe makini, kwa sababu wengi wetu tukishaijua hadithi hii tunaigeuza rungu la kupigia watu: "Mtanzania alithibitisha, maliza ubishi." Haijaisha. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kiliita watu wote waeleze sababu, na majibu yapatayo 22,000 yakaja. Wapo wanaotaja uvukizi, kwamba maji ya moto hupungua. Wapo wanaotaja mzunguko wa maji ndani ya chombo, gesi zilizoyeyuka, au maji kushuka chini ya nyuzi 0 bila kuganda. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wakachapisha kazi yao wakisema hawakupata ushahidi wa maana wa jambo lenyewe kwenye maji, na kwamba kusogeza kipimajoto kidogo tu juu au chini kunaweza kubadilisha matokeo. Kisha kuna suala la kuganda kwenyewe: unahesabu pale maji yanapofika nyuzi 0, pale barafu ya kwanza inapotokea, au pale yote yamekuwa jiwe? Watu wawili wanaweza kupima vizuri kabisa wakapata majibu yanayopingana.

Kwa hiyo ukirudi kwenye grupu lolote, ukitaka kuongelea jambo hili, andika maji kiasi gani, chombo gani, friza ipi, kipimajoto kiko wapi, kuganda ni nini. Halafu waulize: kitu gani kitawafanya mbadilike? Wakikataa kujibu hilo, usibishane nao. Tumia bando yako kwa kitu kingine.

Na mjue swali mnalolishika ni la aina gani. Naona watu wanakesha wakibishana kama 0.999… ya tisa zisizoisha ni sawa na 1. Hilo limefungwa. Ni sawa. Anayekataa muombe akutajie namba iliyo kati ya hizo mbili, maana namba mbili tofauti lazima ziwe na nyingine katikati. Hataipata. Mfafanulie kwa upole, hasa akiwa mwanafunzi, maana wewe pia ulifundishwa na mtu. Upande mwingine naona watu wanatangaza kwa sauti ya uhakika kwamba wanajua nini kilikuwepo kabla ya mlipuko mkuu (Big Bang) ulioanzisha ulimwengu. Hilo bado liko wazi, yaani halijapata jibu, na mwenye kuheshimu elimu atasema hivyo. Tunapoteza urafiki kwa kufungua yaliyofungwa na kufunga yaliyo wazi, kisha tunasema sayansi inagombanisha watu. Ni sisi! Acheni kuulizana digrii. Uliza masharti, uliza kipimo, uliza nini kitambadilisha mwenzako, na jiulize wewe mwenyewe kabla yake.

La mwisho ni kwa ajili ya wale wanaotuma usiku wa manane kurasa za uthibitisho wao. Linalotumwa sana ni swali la Collatz, la mwaka 1937. Chukua namba nzima yoyote kuanzia 1. Ikigawanyika kwa mbili, igawe. Isipogawanyika, zidisha kwa tatu ongeza moja. Rudia. Je, kila namba hufika 1? Ukianza na 27 utapanda mpaka 9,232 na utapiga hatua 111 kabla ya kufika. Kompyuta zimepita namba zote mpaka zaidi ya 2 kwa kipeo cha 68 na zote zimefika, lakini uthibitisho hakuna.

Mtu akituma wa kwake, usimcheke na usimuulize alisoma wapi. Mwambie abadilishe kitu kimoja tu: badala ya kuongeza moja, atoe moja. Aanze na 5. Atapata 14, kisha 7, kisha 20, kisha 10, kisha atarudi 5, na atazunguka hapo milele bila kuiona 1. Muombe aonyeshe ni mstari gani katika kurasa zake unaofanya kazi ukijumlisha moja lakini unashindwa ukitoa moja. Kama mstari huo haupo, uthibitisho wake unathibitisha jambo ambalo si kweli, na atauona mwenyewe bila wewe kumdhalilisha. Kama upo, basi nitumieni kurasa hizo, nitakaa nazo jioni nzima.