Miaka Miwili Dodoma, Bado Mgeni: Nirudi Tanga?

SWALI: Hamjambo wahariri. Nina miaka miwili Dodoma. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari ya serikali, mimi nashona, tumepanga Nzuguni. Nimejaribu, lakini mji haunikubali: vumbi, maji ya chumvi, wateja wa kubahatisha, na jirani hata hodi hapigi. Mtoto yuko darasa la tatu. Kodi inaisha Desemba. Nataka turudi Tanga, mume anasema nivumilie. Tufanyeje?
Mshonaji, Dodoma

JIBU: Dada, miaka miwili inatosha kuujua mji, hatutakuambia uvumilie tu. Ila uliyoyataja si ya aina moja, na lori la mizigo linatibu baadhi tu.

Vumbi na maji ni vya Dodoma yenyewe. Mvua ni ya msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na miezi ya mwisho kabla haijanyesha vumbi halina huruma. Maji mengi ya mjini yanatoka visimani, ndiyo maana sabuni haitoi povu. Hayo hayabadiliki hata ukikaa miaka kumi. Jirani na wateja ni habari nyingine, hiyo ni ya mtaa. Nzuguni bado inajengwa, wengi wanatoka alfajiri na kurudi usiku. Na mshonaji hupata kazi pale watu wanapopita na kitambaa mkononi, karibu na maduka ya vitambaa. Anayeshonea ndani ya uzio wa nyumba ya kupanga atakosa wateja Dodoma, na atawakosa Tanga vilevile.

Kwa hiyo mwezi mmoja, kila jioni, andika kwenye daftari kilichokukera siku hiyo, na pembeni uandike ni cha mji, cha mtaa au cha nyumbani kwenu. Kama mengi ni ya mtaa, hamieni Majengo au Chang'ombe kwanza. Ni safari ya Kirikuu moja. Kama mengi ni ya mji, endelea kusoma. Kama ni ya nyumbani, nasi tunasema kwa heshima, Tanga haitasaidia.

Tanga nayo ijaribu upya. Wengi hurudi kwao wakati wa Idi au harusi, wanapikiwa, wanapokewa, kisha wanaamua kuhama kwa furaha ile. Wewe nenda wiki mbili katika mwezi wa kawaida, ikiwezekana wakati wa masika. Zunguka Ngamiani na Makorora ukiuliza bei za fremu, waulize mafundi wanashona nguo ngapi kwa wiki na wanalipwa bei gani kwa gauni moja.

Sasa fedha. Tuseme nyumba ni shilingi 150,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi mitatu: hiyo 450,000. Dalali kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja, 150,000. Ni 600,000 kabla hujapakia hata sufuria. Ongeza usafiri, fremu, na chakula cha miezi miwili bila mteja hata mmoja. Usikubali kulipa mwaka mzima. Ukigundua mtaa haufai mwezi wa pili, mwenye nyumba mara chache hurudisha fedha. Nyumba mpya nunua kwanza LUKU ya 2,000 ukiwa bado hujalipa kodi, usome risiti: deni la mpangaji aliyetangulia hukatwa humo, na kodi ya jengo pia.

Linalovunja mipango mingi kama wenu ni kazi ya mume. Uhamisho wa kuomba mwenyewe hauna malipo ya serikali, na haufuati tarehe ya kodi yenu. Njia inayotembea haraka zaidi ni kubadilishana na mwalimu aliyeko Tanga, wa somo lilelile, anayetaka Dodoma. Aanze kumtafuta leo. Ukitangulia wewe na mtoto huku barua haijatoka, mnaendesha nyumba mbili kwa mshahara mmoja, na hapo ndipo akiba inapokwisha. Tungekuwa sisi, tusingepakia kitu kabla ya barua hiyo.

Mtoto ahamishwe likizo ya Desemba. Mwakani ataingia la nne, darasa lenye upimaji wa kitaifa, na ni vizuri asajiliwe shule atakayofanyia. Anza na shule ya Tanga ithibitishe nafasi kwa maandishi, ndipo mwalimu mkuu wa sasa ajaze fomu ya uhamisho. Leseni ya biashara hutolewa na halmashauri ya eneo, kwa hiyo ya Dodoma haitakufaa Tanga. Kama inakaribia kuisha, usiihuishe. TIN ni ileile, wajulishe TRA anwani mpya tu.

Kuhusu lori: magari yanayoleta saruji kutoka Tanga mara nyingi hutafuta mzigo wa kurudi, na bei yake huwa nafuu. Dai lifagiliwe, weka turubai chini na juu, maana unga wa saruji ukiingia kwenye cherehani ni balaa. Ondoa mkanda, fungua kichwa ukifunge peke yake kwenye blanketi. Overloki na mashine za umeme zimwagwe oili kwanza, zisije zikalowesha vitambaa zikilala. Friji lisafiri limesimama, na likifika lipumzike saa kadhaa kabla ya kuwashwa.

SWALI: Nina miezi minne Mwanza, nimeajiriwa kampuni binafsi. Kila wikiendi natamani kurudi Moshi. Niache kazi?
Kijana, Mwanza

JIBU: Mapema mno, kijana wetu. Mtu mgeni huwa hajapata hata kinyozi wa kudumu kwa miezi minne. Subiri umalize mwaka, isipokuwa kama afya yako inadhoofika, au mshahara hautoshi hata kodi na chakula. Wikiendi mbili kati ya nne toka nje badala ya kuiwaza Moshi. Kila ukijifungia ndani unakosa mechi, mazoezi ya kwaya na misiba ya mtaani, na huko ndiko watu wanakojuana. Wakati huohuo soma kifungu cha notisi kwenye mkataba wako, na ujue ni siku ngapi.